Habib Swaleh: Sharifu aliyewafungulia watumwa mlango wa elimu

KILA mwaka, Mfungo Sita ukikaribia kumalizika, mji wa Lamu hufurika wageni. Wengine huja kwa mashua kutoka Pate, Siyu na Faza. Wengine hushuka basi Mokowe wakavuka maji, wakiwa wametoka Malindi, Mambrui, Mombasa, Mto Tana, Tanga, Unguja na hata Ngazija. Nyumba hujaa mpaka barazani, mikeka ikatandikwa kila penye nafasi, na masufuria ya pilau hayateremki mekoni. Ifikapo Ijumaa ya kuhitimisha maulidi, umati huzuru kaburi la marehemu Habib Swaleh, kisha huunda zefe likapita mjini kwa matari na kasida.

Ndani ya zefe hilo, mjukuu wa sharifu, mjukuu wa mwungwana wa Mkomani na mjukuu wa mtwana aliyelima shamba la bara huenda bega kwa bega. Wote wamevaa kanzu, wana kofia vichwani na viatu miguuni. Kijana wa leo haoni ajabu yoyote. Lakini mtu wa Lamu wa mwaka 1870, lau angefufuliwa akasimama pembeni kutazama, angeshangazwa na kila kitu: kofia kichwani mwa mtoto wa mtumwa, viatu miguuni mwake, tari mkononi mwake karibu na mlango wa msikiti, na zaidi ya yote, elimu ya dini kifuani mwake.

Mabadiliko hayo hayakushuka kama mvua. Yalikuwa na watu wake, na mmoja aliyetangulia ni huyo huyo ambaye kaburi lake huzuriwa: Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalilail, anayejulikana na wengi kwa jina la Habib Swaleh.

MJI ULIOGAWIKA

Ili tumwelewe Habib Swaleh, hatuna budi kwanza kuuelewa mji alioukuta.

Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu walipigana na jeshi la Pate na Mombasa katika vita vya Shela, wakashinda. Baada ya hapo mji ukaingia chini ya himaya ya masultani wa Oman, ambao baadaye walihamia Unguja, na neema ikaongezeka. Majumba ya mawe yakajengwa Mkomani, yenye ukumbi mmoja nyuma ya mwingine na kuta zilizonakshiwa zidaka za chokaa. Jahazi zilipakia boriti, nafaka, ufuta na pembe.

Neema hiyo ilitoka katika jasho la watumwa. Wao ndio waliolima mashamba ya bara, upande wa Hindi, Mkunumbi na Mpekatoni. Wao waliobeba mawe, waliokata boriti, waliochota maji na kutwanga. Mji ukawa na ngazi zake. Juu walikaa waungwana, wenye nyumba za mawe na nasaba zilizohifadhiwa. Chini yao walikuwapo wageni waliokuja kutafuta riziki: Washihiri kutoka Hadhramaut, ambao wengi wao walikuwa mafukara wa kuchukua mizigo na kuuza duka dogo, na Wangazija, na watu wa visiwani. Chini kabisa walikuwa mahuru, yaani watumwa walioachwa, na wazalia waliozaliwa nchini katika utumwa, na watwana na wajakazi walionunuliwa.

Ngazi hizo zilionekana kwa macho. Kofia na viatu vilikuwa alama za uungwana. Mwanamke wa kiungwana alipotoka nje alizungukwa na shiraa, hema la nguo lililochukuliwa na wajakazi ili asionwe na mtu. Wale wajakazi waliolichukua, wao walionwa na kila mtu, kwa maana mji haukuwahesabu kuwa wana staha ya kusitiriwa.

Hata ardhi iligawika. Mkomani, upande wa kaskazini, palikuwa pa mawe. Langoni, upande wa kusini, palikuwa pa makuti na udongo, na huko ndiko walikokaa wageni na wanyonge.

Ama elimu, nayo ilikuwa na mlango na bawabu. Vitabu vilikuwa ndani ya majumba ya watu maalumu, na elimu ilipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama shamba lipitavyo kwa urithi. Mtumwa alifundishwa kutia udhu na kusali, basi. Kwamba akae mbele ya sheikh, afunguliwe kitabu, aelezwe maana ya maneno ya Mola wake, hilo halikufikiriwa. Dini ilimwambia kwamba yeye ni ndugu. Mji ulimwambia kwamba yeye ni mali.

KIJANA KUTOKA NGAZIJA

Habib Swaleh alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19. Ukoo wa Jamalilail ni wa masharifu wa Hadhramaut, waliofika Pate zamani, na baadhi yao wakasafiri zaidi kwenda visiwa vya Ngazija. Kwa hiyo kijana huyo alipokuja Lamu kwa jamaa zake, kwa namna fulani alikuwa akiirudia njia ya wazee wake.

Lamu ilikuwa na wanavyuoni wakubwa wakati huo. Mmoja wao ni Sayyid Abubakar bin Abdulrahman al-Husseini, aliyeitwa Mwenye Mansab, ambaye ndiye aliyeitia maulidi ya Barzanji katika utenzi wa Kiswahili na aliyeishi mpaka 1922. Habib Swaleh alisoma kwa wanavyuoni hao, akapata elimu ya kumtosha kuketi juu ya mkeka wa mwalimu.

Kijana wa nasaba kama yake, sharifu, mwenye elimu, njia yake ilikuwa wazi. Angeweza kukaa Mkomani, akaoa nyumba ya watu wakubwa, akabusiwa mkono asubuhi na jioni, akafundisha watoto wa waungwana. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alielekea Langoni.

Huko alikaa katika nyumba ya makuti miongoni mwa Wangazija, Washihiri na wazalia. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa na dua, na aliyemjia hakuulizwa ni wa nani. Wengi walimwendea kwanza kwa ajili ya maradhi ya mwili, wakabaki kwa ajili ya darasa. Mnyonge aliyezoea kuitwa ili atumwe, sasa aliitwa ili asomeshwe.

DARASA LA WATU WOTE

Karibu na mwaka 1892 Habib Swaleh alipata kiwanja cha wakfu pembeni mwa Langoni, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama hapo msikiti ulioitwa Riyadha, maana yake bustani. Jina hilo lilichukuliwa kutoka msikiti wa Riyadh wa mji wa Seiwun, Hadhramaut, uliojengwa na mwanachuoni mkubwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki 1915. Ungo wa kheri ulipita bahari, ukatuliwa mahali ambapo wakubwa wa mji hawakupatazamia.

Darasa lenyewe liliendeshwa kwa njia ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua mpaka leo. Msomaji husoma kipande cha kitabu kwa Kiarabu, kisha sheikh akakifasiri kwa Kiswahili, neno kwa neno, akitoa mifano ya maisha ya watu wanaomsikiliza. Kwa njia hii hata mtu asiyejua kusoma herufi moja aweza kukaa, akasikia, akahifadhi, akaenda kumsimulia mkewe nyumbani. Tafsiri ya Qurani, iliyokuwa hazina ya watu wachache, sasa ilimwagwa mbele ya mchukuzi wa mizigo na mkata boriti.

Hebu tulipime jambo hilo kwa makini. Mtumwa aliyesikiliza tafsiri ya Suratul Hujurat hufika kwenye aya ya 13, inayotufundisha kwamba wanadamu wote wametokana na mume mmoja na mke mmoja, na kwamba mbora wao mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu zaidi. Akisikiliza sira ya Mtume (S.A.W.), humkuta Bilal, mtumwa wa Kihabeshi aliyeteswa juu ya mchanga wa Makka, kisha akapewa heshima ya kuwa mwadhini wa kwanza. Humkuta Zaid bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, ambaye Mtume alimwoza Zainab binti Jahshi, binti wa shangazi yake mwenyewe, mwanamke wa nasaba. Habari hizi zilikuwamo vitabuni siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumfungulia kitabu yule ambaye habari zinamhusu.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini baadhi ya waungwana walichukia. Walifahamu vizuri kwamba aliyeijua Hujurat haitwi tena kwa mluzi.

MATARI MSIKITINI

Jambo la pili lililowashtua wakubwa lilikuwa maulidi.

Kabla ya hapo maulidi yaliyotukuzwa Lamu yalikuwa ya Barzanji, yaliyosomwa kwa utulivu na watu wenye elimu, wengine wakisikiliza. Habib Swaleh aliingiza maulidi ya Simtud-Durar, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, na yakasomwa kwa matari na kasida za kuitikia. Watu hukaa safu mbili zinazotazamana, tari zikagonga, miili ikaenda upande huu na upande huu kwa pamoja, na kila aliyekuwapo akaitikia.

Wapinzani walisema kupiga ngoma msikitini ni bidaa na ni kuivunjia heshima nyumba ya Mungu. Hoja hiyo ilikuwa na wanavyuoni wake, na mjadala wa maulidi na matari haujaisha Pwani mpaka leo. Si kazi ya ukurasa huu kuuhukumu. Lakini tusijifiche: ndani ya malalamiko ya siku zile palikuwa na jambo jingine pia. Ngoma ilikuwa ya watumwa. Mkono wa kuipiga ulikuwa mkono mweusi wa kazi. Kuileta msikitini, mbele ya kumsifu Mtume, kulikuwa ni kumwambia mwenye mkono huo kwamba furaha yake nayo yakubaliwa, kwamba hana haja ya kuiacha mlangoni pamoja na viatu, kama anavyo.

Na tazama hekima yake. Katika Barzanji ya majumbani mnyonge alikuwa mwenye kuhudumia: alimimina kahawa, alifukiza udi, alinyunyiza marashi. Katika maulidi ya Riyadha alikuwa mwenye kusoma. Tari haina mwungwana wala mzalia. Yahitaji mtu ajuaye mapigo na anayewasikiliza wenzake.

SHERIA NA HESHIMA

Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Unguja, kwa kulazimishwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifuta utumwa kisheria katika Pwani ya Kenya. Serikali ilitoa fidia, na aliyelipwa ni bwana kwa kupotewa na mali yake. Mtumwa aliambiwa yu huru, akaachwa njiani na jembe lake, ikiwa jembe lilikuwa lake.

Mashamba ya bara yalikosa wakulima, mengine yakamea msitu. Waungwana wengi walifilisika, majumba ya Mkomani yakaanza kubomoka. Waliokuwa watumwa wakamiminika mjini, Langoni. Walikuwa huru, lakini uhuru wa karatasi haumpi mtu jina. Hapa ndipo kazi ya Habib Swaleh ilipopata uzito wake. Kabla sheria haijafika, yeye alikwisha kuwaweka tayari mahali pa kukaa: mkeka wa darasa, safu ya sala, zamu katika maulidi. Sheria iliondoa kongwa shingoni. Riyadha ilimpa mtu neno la kujibu alipoulizwa yeye ni nani: ni mwanafunzi wa Habib Swaleh.

Nao wanafunzi hao hawakubaki Lamu. Riyadha ikawa chuo cha kulaza wanafunzi, waliolishwa na kusomeshwa kwa sadaka na wakfu bila ya kudaiwa ada. Walitoka Ubajunini, Ngazija, Mrima na kando ya Mto Tana kwa Wapokomo, wakarudi kwao kuwa walimu na maimamu. Mwingereza Peter Lienhardt, aliyeandika juu ya chuo hiki mwaka 1959, alikiona kuwa kimeeneza jina lake Pwani nzima. Habib Swaleh mwenyewe alifariki 1935, na mwanawe Sayyid Ahmad Badawy akashika nafasi yake. Mtoto aliyezaliwa bara, ambaye zamani mwungwana wa Lamu angemwona ni wa kununuliwa tu, sasa alisimama mbele katika mihrabu na wengine wakamfuata nyuma.

LILILOBAKI

Hata hivyo, kumsifu mtu si kufumba macho. Liko swali ambalo waandishi wametangulia kuliuliza, nasi twapaswa kuliuliza kwa adabu.

Habib Swaleh aliyefundisha usawa alikuwa mwenyewe sharifu, na sehemu ya heshima aliyopewa ilitoka katika nasaba yake. Mtaalamu wa Kimisri Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake cha 1974 juu ya dini na maisha ya Lamu, alionyesha kwamba waungwana waliposhuka, masharifu ndio waliopanda. Ngazi ya juu ilipata mkaaji mpya. Ama ile ngazi yenyewe, iliondoka?

Mahali pa kulipima swali hilo ni posa. Darasani twakaa pamoja, safuni twagusana mabega, kwenye zefe twaimba kwa sauti moja. Lakini siku barua ya posa inapofika, wazee huvaa miwani, wakauliza: huyu ni wa nani? Babu yake alitoka wapi? Na kijana mwenye dini, mwenye tabia, mwenye kazi, hurudishiwa barua yake kwa maneno matamu, na kila mtu katika mtaa ajua sababu ambayo haikutajwa.

Kuna mahali ambapo swali hili liliulizwa waziwazi wakati Habib Swaleh bado yu hai. Washihiri na masharifu walewale wa Hadhramaut waliosafiri kuja kwetu, wengine wao walisafiri kwenda Java. Huko, mwaka 1911, walimwalika kutoka Makka mwalimu wa Kisudani, Sheikh Ahmad Surkati, mzaliwa wa Dongola, awe mwalimu katika skuli zao. Mwaka 1913, katika mji wa Solo, aliulizwa kama binti sharifu aweza kuolewa na Mwislamu asiyekuwa sharifu. Alijibu kwamba yajuzu. Jibu hilo liliwaka moto. Mwaka 1914 aliacha kazi katika skuli hizo, na waliomuunga mkono wakaanzisha chama cha al-Irshad, chenye skuli zake. Ugomvi baina ya pande mbili ulidumu miaka mingi, na Surkati alifariki 1943 akiwa bado kipenzi cha wengine na mwiba kwa wengine.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanaihesabu nasaba katika mambo ya kufu. Hilo ni kweli, na asiyelijua asome. Lakini vitabu vivyo hivyo vyasema kwamba kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi. Imamu Malik yeye aliitazama dini kabla ya nasaba. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba sheria imemfunga mikono. Mara nyingi kilichomfunga ni ada ya mji, naye ameivika joho la sheria.

Habib Swaleh hakuibomoa nyumba yote. Nani aliyewahi kuibomoa nyumba ya ada kwa umri mmoja? Yeye alichagua mlango ulio mkubwa kuliko yote, mlango wa elimu, akaung'oa bawaba, nao haujafungwa tena tangu siku hiyo. Chumba cha ndani, cha posa na kufu, alituachia sisi.

Wazee wetu walisema uungwana ni vitendo. Ni maneno yaliyosemwa katika mji uliopima uungwana kwa mawe ya nyumba na majina ya mababu, na huenda aliyeyasema kwanza alikuwa mtu aliyechoka kupimwa hivyo. Mwaka huu pia, Mungu akipenda, tutakwenda Lamu, tutazuru, tutapiga tari na kuitikia. Tutakaporudi majumbani, pengine tutaikuta barua ya posa imewekwa juu ya meza. Hapo ndipo itakapojulikana ni nani kati yetu aliyekuwa katika darasa la Langoni, na ni nani aliyekwenda kula pilau.